Mkono wa Njoro

Jumanne moja ya mwezi wa nne, saa kumi na moja jioni, nilikuwa natoka Kakamega na lori la mikate, kreti tupu zikigongana nyuma. Pale Kiboswa mvua ilikuwa inakaribia. Wachuuzi walikuwa wanafunika nyanya kwa nailoni na boda boda zote zilikuwa zimejibana chini ya paa moja. Kando ya lami alisimama mvulana wa shule, begi amelifunika kwa sweta. Akainua mkono.

Sibebi abiria. Ni amri ya mwenye lori, na watu wengi hunisimamisha kila siku nikawapita bila kuwafikiria tena. Wengi hupunga. Huyu hakupunga. Aliinua mkono wa kulia, kiganja kikinielekea, akauacha hapo juu.

Nilikuja kusimama mita mia mbili mbele. Utingo wangu anasema niliendesha vizuri kabisa, nikawasha taa ya kushoto, nikaegesha kama mtu aliyefika anakokwenda. Kisha nikashikilia usukani kwa mikono miwili na vidole vikakataa kufunguka.

"Kaka, kuna nini?"

Radi ikapiga upande wa Nandi. Sikumjibu.

Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita tangu nikione kiganja kile.

Barabara ya vumbi

Sina haja ya kuwaeleza tulivyoingia Somalia. Oktoba 2011 mlikuwa mnatazama habari kama watu wengine wote. Mimi nilikuwa kurutu Eldoret, najifunza kukunja blanketi lipate kona kama sanduku, na habari ile ilitukuta kwenye foleni ya chakula. Hakuna aliyeshangilia. Namkumbuka mmoja aliyeacha kutafuna.

Mwaka 2014 nilikuwa na miaka 22. Niliendesha lori la pili katika msafara uliopeleka maji na chakula kwenye kambi moja ya Jubba ya Chini. Katika gari la kwanza alikuwamo Njoro. Jina lake lenyewe namwachia mama yake. Tuliitana kwa majina ya makwetu: yeye Njoro, mimi Vihiga, na mwingine alikuwa Likoni. Njoro alipenda habari za ngano. Popote tulipopiga kambi aliokota udongo, akaufinya kiganjani, akaufungua kutazama umeshikana vipi, halafu akatoa hukumu yake: hapa pangefaa mtama, hapa hapafai kitu, hapa kama maji yangefika mngeona maajabu. Tulimzoea. Wakati mwingine tulimletea udongo sisi wenyewe.

Bomu lilikuwa limefukiwa barabarani. Watu wakijua nilikuwa jeshini huniuliza lilivyolia, na mlio ndio kitu ambacho sinacho. Ninalo vumbi. Kioo cha mbele kiligeuka rangi ya chai ya maziwa. Halafu risasi zikaanza kutoka kushoto, kwenye miti ya miiba. Kama umewahi kusimama karibu na shamba la miwa linalochomwa kule Muhoroni, hivyo ndivyo zilivyosikika, na ndiyo maana mimi sipiti Muhoroni msimu wa kuvuna.

Tulifundishwa jambo hili mpaka likaingia kwenye mifupa: ukishambuliwa barabarani, usisimame. Aliyetega bomu anataka usimame. Lori likisimama limeziba njia, na nyuma yako kuna wenzako wanne wenye malori yao. Toka kwanza pale mlipotegewa, kupigana kutafuata. Sajenti aliyeketi kando yangu alikuwa anapiga dashibodi kwa ngumi.

"Songa! Songa!"

Vumbi likapungua kidogo. Njoro alikuwa ameketi kando ya barabara, upande wangu, miguu ameinyoosha mbele kama mtu aliyechoshwa na safari. Kofia ya chuma hakuwa nayo. Akanitazama usoni. Akainua mkono wa kulia, kiganja kikinielekea.

Nikapita.

Tuliporudi na gari la deraya zilikuwa zimepita dakika arobaini. Alikuwa amelala ubavu, na mkono ulikuwa umeshuka.

Swali langu ni hilo tu, na nimelibeba tangu siku ile. Mkono ule ulisema nini? Polisi wa trafiki akikuonyesha kiganja, unasimama. Mama akimwonyesha mtoto kiganja kutoka ng'ambo ya barabara, anamwambia abaki hukohuko. Labda aliniambia simama unichukue. Labda, kwa kuwa alifundishwa yaleyale niliyofundishwa mimi, aliniambia pita. Labda jua lilikuwa linamwumiza macho. Kuna usiku nimesimama mbele ya kioo cha bafuni nikauinua mkono wangu, nikautazama, nikaushusha kidogo, nikaupinda vidole, nikitafuta ulivyokuwa.

Neno la mazishini

Nilikuwa miongoni mwa waliosindikiza jeneza. Baada ya ibada mama yake alinishika kiwiko, akaniuliza mbele ya watu wote, "Aliteseka?"

Nikasema, "Hapana, mama. Alikufa papo hapo."

Hakuna aliyenituma. Neno lilitoka lenyewe, jinsi "pole" inavyotoka. Yule mama alifunga macho, akavuta pumzi, na nikaona mabega yake yakishuka. Siku ile niliamini nimempa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kumpa mtu.

Tangu hapo nampigia simu kila mwaka tarehe ile. Tunaongea juu ya mvua, bei ya mbolea, wajukuu wake. Na kabla hatujaagana husema, bila kukosa, "Angalau hakuteseka. Asante kwa kuniambia." Nami husema, "Ndiyo, mama."

Kumi na moja sasa, hizo "ndiyo, mama."

Radi za saa kumi

Mengine nitayapitia haraka, maana wengi wenu mnayajua kupitia kaka zenu na waume zenu. Nilitoka jeshini mwaka 2020. Nilirudi kwetu Maragoli, na aliyewahi kuishi huku anajua mbingu zetu. Upepo wa ziwani hupanda vilima adhuhuri, mawingu yanajengeka kuelekea Nandi, na kufikia saa kumi radi zimeanza. Msimu wa mvua ni karibu kila siku. Kule Jubba ukimya ndio uliotutisha. Nyumbani mbingu ndiyo iliyokuwa inapiga mizinga mchana, na majirani wakiendelea kuanua nguo bila wasiwasi. Nilijifungia chooni. Nilimpigia kelele mwanangu kwa kuangusha sufuria, na bado naikumbuka sura yake. Mke wangu alijifunza kuniamsha kwa kunigusa kidole cha mguu, akiwa amesimama mbali.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa mshauri Kisumu. Nilienda nikidhani nitaambiwa niombe zaidi au ninywe kidogo. Yule dada aliniambia hali yangu ina jina, kwamba madaktari wa Marekani waliiandika kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, na kwamba ilikuwako siku zote kabla ya kupewa jina. Kiwewe. Akanieleza kwamba mwili wangu ulijifunza kitu kilichokuwa cha kweli mahali fulani, na haujapata habari kwamba tumehama. Tukaanza kuusimulia mwili wangu habari hizo polepole, Alhamisi baada ya Alhamisi: nilisimulia siku ile tangu mwanzo, macho nimeyafumba, tena na tena, mpaka ikaacha kunirukia. Ilichukua miezi mingi. Radi leo nazisikia, nashtuka, naendelea kula. Kama wewe au wako yumo humo, nakuomba uende. Inasaidia. Nasema nikiwa na ushahidi wa usingizi wangu mwenyewe.

Lakini kila simulizi ilipofika kwenye mkono, dada yule aliona nafanya kitu tofauti. Kwenye bomu nilitokwa jasho. Kwenye mkono nilinyamaza, nikatazama viatu.

"Hii si hofu," aliniambia. Alinitajia Jonathan Shay, daktari wa Marekani aliyewatibu kwa miaka mingi wanajeshi waliotoka Vietnam, aliyesema kuna jeraha la dhamiri, nalo huwaumiza watu hata pale hofu imepona. Nikamuuliza dawa yake ni ipi. Akasema tungelizungumza. Nikaacha kwenda.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka siku ya Kiboswa.

Nyanya anauliza

Wiki moja baada ya Kiboswa nilimpelekea nyanya mkate, kama kawaida. Umri wake unakaribia tisini na haoni vizuri, lakini sauti ya mtu humwambia mengi. Alinisikiliza nikilalamika juu ya dizeli, kisha akanikatiza.

"Ulipotoka vitani, nani alikupokea?"

Nikamwambia mbona alikuwapo. Nilifika usiku kwa matatu, tukachinja kuku, tukala.

"Huko ni kula. Nauliza nani alikupokea."

Ndipo akanisimulia habari ya kaka yake, ambayo nilikuwa nimeisikia vipande vipande tu. Kaka huyo alikuwa Keya, askari Mwafrika wa jeshi la Mwingereza, King's African Rifles. Walimpeleka Bama, yaani Burma, na alikuwa katika jeshi la Afrika Mashariki lililoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944, katika mvua za masika ya kule, matope yakiwafika magotini na magari yakisukumwa kwa mikono. Aliporudi nyanya alikuwa msichana mdogo. Anakumbuka kaka yake akisimama nje ya ua na kasha la bati kichwani, na mama yao akikimbia kumlaki, na wazee wakimzuia mama.

Hakuingia. Alilala siku tatu kwenye kibanda nje ya boma. Walimnyoa nywele zote. Mzee mmoja akampaka mavi ya ng'ombe mwilini, ili aliowaua wasimfuate mpaka mlangoni. Na usiku wazee walikaa naye huko, moto ukiwaka, wakimuuliza. Watoto walifukuzwa, kwa hiyo nyanya hajui aliulizwa nini wala alijibu nini. Anajua tu kwamba sauti ya kaka yake ilisikika mpaka majogoo.

Mnaotoka kwetu mtaelewa uzito wa jambo hili. Familia yetu ni ya Wakweka, Wakristo wanaojiita Marafiki. Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902, na katika mafundisho yao yote lililoshika kwetu kuliko mengine ni kwamba mtu wa Mungu hashiki silaha. Baba yake nyanya alikuwa mzee wa kanisa. Mwana kwenda vitani kulimwuma. Mwana kupakwa mavi kwa mila alizoziacha kulimwuma mara mbili. Asubuhi ile, nyanya anasema, baba yake alichukua jembe akaenda shambani akashinda huko mpaka giza, na hakuuliza chochote aliporudi.

Nimelifikiria jembe lile wiki hizi zote. Hakukubali na hakuzuia. Alijua mwanawe alihitaji kitu ambacho imani yake haikuwa nacho, akampisha.

Mimi mila zile sizijui na sitajidai kuzifufua. Wala sina hakika kama nimeua mtu. Nilifyatua risasi kwenye miti kama wengine, na miti haikujibu. Nilimwambia nyanya hivyo. Nikamwambia, kwa mara ya kwanza nje ya chumba cha mshauri, habari ya mkono. Nikamwambia na neno la mazishini.

Alikaa kimya, vidole vikipapasa ganda la mkate.

"Basi hujafika," akasema.

Meli

Usiku huo sikulala, nikaanza kusoma habari za Keya kwenye simu. Nilikuwa natafuta bonde la Kabaw, nikaangukia meli.

Iliitwa Khedive Ismail. Februari 1944 iliondoka Mombasa kuelekea Colombo katika msafara wa meli tano za abiria, imebeba watu 1,511. Wengi walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na walikuwamo pia wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na Maldives, manowari ya Wajapani iliipiga, na ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Kwetu ni wangapi wanaolijua jina lake?

Kilichonikalisha kitandani ni kilichofuata. Meli nyingine za abiria zilitawanyika zikaenda zao, maana hiyo ndiyo kanuni: ukisimama kuokota watu, unapigwa wewe. Meli mbili za kivita zikabaki kuiwinda manowari, na manowari ilikuwa imejificha chini ya watu walioelea. Makombora yaliangushwa majini hapohapo, walionusurika wakiwamo ndani ya maji. Manowari ikazamishwa baadaye siku hiyo.

Wameandika habari za makapteni, na kama walifanya sawa au vibaya. Mimi niliwafikiria waliokuwa kwenye zile meli nne zilizoondoka, vijana wa Kakamega na Kitui na Nyasaland waliosimama ukingoni wakitazama nyuma. Vichwa majini. Mikono juu. Walishuka Colombo, wakapanga mstari, wakaendelea na vita, na baadaye wakarudi kwao. Wangapi walimwambia mama wa mtu kwamba mwanawe alikufa papo hapo?

Sikupata faraja ndani yake. Nilipata wenzangu.

Kwa ajili ya nani

Hapa ndipo nilipokwama wiki tatu nzima. Mke wangu anaweza kuwaambia nilivyokuwa.

Nikienda Njoro nikasema ukweli, namnyang'anya mama wa watu kitu alichokilalia miaka kumi na mmoja. Ana miaka sabini. Shinikizo la damu analo. Amejenga amani yake juu ya sentensi yangu, na sasa nataka kuing'oa ili mimi nipumue? Mchungaji niliyemuuliza alisema ukweli humweka mtu huru. Nikamuuliza, humweka nani? Alifikiria kwa uaminifu, akasema hajui, na nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa aya yoyote.

Nisipokwenda, kila mwaka nitamwambia "ndiyo, mama," na kila mwaka atanishukuru. Shukrani yake ndiyo iliyokuwa inaniua. Nilianza kuiogopa tarehe ile kwa sababu ya simu kuliko kwa sababu ya bomu.

Rafiki mmoja tuliyetumikia pamoja alinikataza kabisa. Alisema tuliapa kuwabebea raia vitu ambavyo hawapaswi kuviona, na hiki ni kimojawapo. Nilikaribia kumkubali. Kisha nikakumbuka kwamba yule mama hakuwa raia yeyote. Alimzaa. Mkono ule aliuosha yeye kabla ya mtu mwingine yeyote kuushika. Kama kuna mtu duniani anayeweza kuujua ulikuwa unasema nini, ni yeye, nami nimemficha kwamba uliinuliwa.

Sijui kama hiyo ilikuwa sababu au kisingizio. Nilikwenda nikiwa bado sijui.

Jumamosi

Nilipanda matatu Kisumu alfajiri. Ahero, Kericho, Londiani, kisha Mau Summit nikabadilisha gari la Molo, Elburgon, mpaka Njoro. Baridi ya huko huwa inanishangaza kila mara. Ngano ilikuwa changa, urefu wa kidole, na katikati ya njia ya kwake niliinama nikaokota udongo, nikaufinya. Ulishikana.

Alifurahi kuniona. Alidhani kuna harusi. Alinipa chai na viazi, akanionyesha picha ya mwanawe akiwa na sare, bado imo ndani ya karatasi yake ya nailoni isichafuke. Nikaiweka mezani kikombe kikiwa nusu.

"Mama, nilikudanganya."

Nikamwambia yote. Vumbi, alivyoketi, miguu, mkono, sajenti, kwamba niliendesha. Kwamba tulirudi baada ya dakika arobaini. Sikusema aliishi dakika ngapi kati ya hizo, maana sijui, na nikamwambia kwamba sijui.

Hakulia. Alisimama akatoka nje. Nikamsikia akiwafukuza kuku, akifungua bomba la tangi, akilifunga. Alikaa huko muda mrefu kiasi kwamba chai iliota utando. Nilifikiri nitoke niende stejini, nimwachie nyumba yake.

Akarudi, mikono imelowa, akaketi mkabala nami, karibu, magoti yakakaribia kugusana.

"Nionyeshe huo mkono."

Nikainua wa kulia. Kiganja nikakielekeza kwake. Ulitetemeka, nikaukaza.

Akautazama kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Akanyoosha kidole chake, akakisukuma kidole gumba changu nje kidogo. Akakaa nyuma akautazama tena.

"Vidole vilikuwa vimefunguka hivi, au vimeshikana?"

Nikafumba macho nitazame.

"Vimefunguka, mama."

"Shusha," akasema. "Haya. Inua tena."